Mwaka 1905: Shule Zilizoungua Nyangao na Lukuledi



Wapendwa waamini, kila inapofika tarehe 14 Agosti, mkesha wa sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, kusini mwa Tanzania tunamkumbuka Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliouawa katika nchi ya Liwale mwaka 1905: Bruda Gabriel Sonntag, Bruda Andreas Scholzen, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert. Majina yao tunayasoma, sala tunaziombea, kisha tunarudi nyumbani. Juma hili napenda tuutazame mwaka uleule kwa upande usiosemwa sana, yaani upande wa shule. Mwaka ule uliwapata watoto waliokuwa wakijifunza kusoma, na walimu waliokuwa wakiwafundisha. Yaliyowapata yanatusaidia kujibu swali ambalo vijana wetu huniuliza mara kwa mara, na ambalo sipendi kulikwepa: je, babu zetu waliichukia imani?

Kwanza tukumbuke shule zenyewe zilikuwa nini. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walifika katika nchi hii mwaka 1888, wakajenga Pugu. Mwezi Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, Pugu iliteketezwa, wakauawa mabruda wawili na sista mmoja, na wengine wakachukuliwa mateka. Walianza upya Dar es Salaam, na baada ya miaka michache wakaja kusini. Lukuledi ilifunguliwa mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896. Vituo hivyo viwili vimo katika njia ileile itokayo bandari ya Lindi kwenda bara, kwa kufuata bonde la mto Lukuledi. Nyangao ni nchi ya Wamwera. Lukuledi walikutana Wamwera, Wayao na Wamakua. Masista Wabenediktini Wamisionari, ambao leo tunawafahamu kama masista wa Tutzing, waliwalea na kuwafundisha wasichana.

Tusidhani ya kwamba shule ile ilifanana na shule tunazozijua sisi, zenye madarasa saba, mitihani ya taifa na wakaguzi. Ilikuwa kwanza jumuiya ya maisha. Mtoto aliyeandikishwa alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, alijifunza katekisimu na nyimbo, na sehemu ya siku alishika jembe. Wana wa Mtakatifu Benedikto wanaamini kwamba sala na kazi ni ndugu. Shamba la misheni lilikuwa sehemu ya masomo kama lilivyokuwa ubao. Vijijini palikuwa na shule ndogo za miti na nyasi, na huko aliyefundisha alikuwa mwenyeji. Alifundisha alfabeti na sala kwa pamoja, akawaandaa wakatekumeni. Ndiyo maana hata leo wazee wetu vigangoni humwita katekista "mwalimu". Jina hilo ni kumbukumbu ya kweli. Mtu mmoja ndiye aliyekuwa shule na kanisa.

Basi mwaka 1905 ulianza kama miaka mingine. Mvua, palizi, Kwaresima. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 23 Aprili, wakati ambapo katika nchi yetu mvua za masika huwa karibu kumalizika na watu wanaanza kutazamia mavuno. Mwezi wa Juni na Julai mtama na mahindi vikaingia ghalani. Ni wakati wa raha kwa mkulima wa kusini, lakini mwaka ule, katika nchi za Kilwa, haukuwa wa raha.

Hapa lazima tuondoke kidogo Nyangao twende kaskazini, kwenye vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa Kivinje. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imeweka kodi ya nyumba tangu mwaka 1898, na kuanzia mwaka 1902 Gavana von Götzen aliagiza mashamba ya pamba ya pamoja, ambayo watu walipaswa kuyalima chini ya maakida na majumbe. Mkulima aliitwa shambani wakati uleule ambapo shamba lake mwenyewe lilimhitaji. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine waliyakataa. Viboko havikuhesabika. Na katika mji wa Kilwa Kivinje kila mtu aliujua Mwembe Kinyonga, mti wa kunyongea, ambako Hassan bin Omari Makunganya alikuwa amekwisha kunyongwa mwaka 1895 kwa kuupinga utawala ule. Hakuna mzazi wa Kilwa aliyehitaji kuelezwa bendera ile ilikuwa na maana gani.

Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa akiwagawia watu dawa ya maji. Wajumbe wake waliichukua nchi hata nchi: maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama, ambayo yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwezi Julai 1905, kijijini Nandete, wazee Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba, na hiyo ikawa tangazo la vita. Akida wa Kibata alikimbia. Mji wa Samanga, wenye maduka ya wafanyabiashara, ukachomwa. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile mwenyewe alinyongwa huko Mohoro, lakini maji yalikuwa yamekwisha kutangulia mbele yake.

Nimewaza mara nyingi juu ya jambo hili. Katika shule za misheni watoto walikuwa wakiandaliwa kwa maji ya ubatizo. Na wakati uleule wazazi, wajomba na kaka zao walikuwa wakipelekewa maji mengine. Yote mawili yaliahidi uhai. Yote mawili yaliwaambia Mmwera, Mmatumbi na Mngindo kwamba sasa ni watu wa jamaa moja. Mwanateolojia ataniambia, na kwa haki, kwamba maji hayo hayalingani hata kidogo. Moja ni sakramenti, jingine ni dawa iliyowapeleka maelfu mbele ya bunduki za mashine. Lakini mama wa Kimwera mwenye mtoto mmoja shuleni na mwingine akinolewa mkuki hakusoma teolojia. Alikuwa na watoto wawili tu, na hofu moja.

Katika siku hizohizo Askofu Spiss alikuwa safarini. Alikuwa mtu wa Tirol, mwenye umri wa miaka 39, mwanzilishi wa misheni ya Peramiho mwaka 1898, na tangu mwaka 1902 askofu mwenye dhamana ya nchi yote ya kusini akikaa Dar es Salaam. Hakuwa mgeni wa watu wa kusini. Mwaka uliotangulia kifo chake kilichapishwa kitabu chake juu ya lugha za Kingoni na Kisutu. Alipanda meli hadi Kilwa, akashika njia ya Liwale kwenda Peramiho pamoja na mabruda wawili, masista wawili na wapagazi. Wapiganaji walikutana nao Mikukuyumbu, siku ya Jumatatu, tarehe 14 Agosti. Wote watano waliuawa.

Majina ya wapagazi hatunayo katika orodha tunayoisoma. Nasema tu.

Baada ya hapo moto ulifuata njia ya kusini. Mwishoni mwa Agosti ulifika kwetu. Nyangao ilishambuliwa, wamisionari wakakimbia kuelekea Lindi, na katika mbio hizo Sista Walburga Diepolder alitengana na wenzake, akauawa. Nyangao ikachomwa. Lukuledi nayo ikatekwa na kuchomwa. Misheni ya Waanglikana huko Masasi, iliyokuwa na umri wa karibu miaka 30, haikupona. Mwezi Septemba Peramiho ikaungua. Kwa muda wa majuma machache, karibu kazi yote ya shule za misheni kati ya Lindi na Songea iligeuka majivu. Watoto walirudi kwa ndugu zao kama walikuwa nao. Wale ambao hawakuwa nao, maana katika misheni zile waliishi pia watoto waliokombolewa utumwani na wasiojua tena kwao ni wapi, walikimbilia walikoweza.

Sasa turudi kwenye swali la vijana. Je, waliouawa ni mashahidi? Kanisa halijawatangaza kuwa wenyeheri. Kwa mafundisho ya Kanisa, shahidi ni yule anayeuawa kwa sababu ya chuki juu ya imani. Haitoshi kufa kwa ukatili, wala kufa ukiwa padre au sista. Kwa hiyo ni lazima tuulize waliochoma walichukia nini.

Nikitazama mambo yalivyokuwa, naona ni vigumu kusema ya kwamba vita hii ilikuwa vita ya dini. Akida wa Kibata aliyekimbia alikuwa Mwislamu. Maduka ya Samanga hayakuwa na msalaba juu yake. Abdalla Mapanda, kiongozi mashuhuri wa vita huko Liwale, aliongoza watu wenye imani za kila namna, na wengi wao walikuwa bado katika dini za mababu. Upande wa pili, kati ya askari waliowapiga risasi wapiganaji wa Maji Maji, wengi walikuwa Waislamu waliotoka Sudani na pwani. Tukitaka kuigawa vita ile kwa misikiti na makanisa, mahesabu hayatulii.

Wengine husema: basi walichukia Wajerumani tu. Hilo nalo halitoshi, kwa sababu Masasi walikuwa Waingereza, na waliteketezewa nyumba zao vilevile. Jibu langu ni la kijijini zaidi. Mtu aliyekuwa amelimishwa pamba kwa kiboko aliiangalia misheni akaona mzungu, akaona ghala, akaona shamba kubwa linalolimwa na watoto wa watu kwa saa zilizopangwa. Padre alijua kwamba jembe la mwanafunzi ni sehemu ya kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Mzazi hakujua. Kwake jembe lile lilifanana na jembe la akida. Naongeza kwamba misheni zenyewe hazikujitenga vya kutosha na boma. Walitembea chini ya bendera ileile, walitegemea ulinzi wake, na ilipotokea shida waliukimbilia mji ambao bendera ile ilipepea. Sisemi haya kwa kuwahukumu marehemu. Waliacha nchi yao wakiwa vijana, na wengi walikufa kwa homa hata kabla ya vita. Lakini kama tunawapenda, tuwe na ujasiri wa kusema kwamba watu waliowaua hawakuwa wameisikia Injili bila sauti ya kiboko kuichanganya.

Je, hilo linawaondolea utukufu? Sidhani. Sista Walburga hakuweka kodi wala hakumlimisha mtu pamba. Alifia mahali alipotumwa kuwahudumia watu. Mungu anajua jina la kifo cha namna hiyo, hata kama sisi tunabishana kuhusu neno.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko vita. Mwezi wa Novemba, mvua zilipotarajiwa, mashamba mengi hayakuwa na mtu wa kuyalima. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na vyakula kwa makusudi, wakiona kwamba njaa ingemaliza kazi ambayo risasi haikuimaliza. Serikali ile yenyewe ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya habari za wazee wa Kilwa na Umatumbi, alifikisha kati ya 250,000 na 300,000. Ungindo, nchi iliyokuwa na watu, iligeuka pori, na pori likafuatwa na tembo. Sehemu yake kubwa baadaye ikawa hifadhi ya Selous. Mtu anayesafiri leo kutoka Liwale kuelekea kaskazini na kuona msitu mpana usio na kijiji asifikiri kwamba Mungu aliuumba hivyo tangu mwanzo.

Noeli ya mwaka 1905 iliangukia siku ya Jumatatu. Katika Nyangao na Lukuledi misheni zilikuwa majivu. Nafikiri juu ya wale wanafunzi waliokuwa wamejifunza nyimbo mwaka uliotangulia, wakiwa sasa porini wakichimba mizizi ya kula. Kuna waliokuwa wamebatizwa. Kuna ambao baba zao walikuwa wameunywa ule maji wakafa Lindi au Masasi au njiani. Hakuna aliyeandika walisali nini.

Mwaka 1906 Papa Pius wa Kumi alimteua Thomas Spreiter kuwa mrithi wa Askofu Spiss, na mwaka huohuo Wabenediktini walianza kituo kipya Ndanda, chini ya uwanda wa juu wa Wamakonde, mahali penye chemchemi za maji ya kudumu. Nyangao ilijengwa tena. Lukuledi pia. Na jambo ambalo mimi hulistaajabia kuliko mengine yote ni hili: watu walileta watoto. Waliwaleta kutoka katika vijiji vilevile ambamo maji yalikuwa yamegawiwa. Sababu zao zilikuwa nyingi, na si zote za kiroho. Njaa ilikuwapo, na misheni ilikuwa na chakula. Vita ilikuwa imeshindwa, na baadhi waliona kwamba anayeshinda ni mwenye kitabu, basi na mtoto wetu akijue kitabu. Padre anayetaka kila mwongofu aje kwa sababu safi atakaa peke yake kanisani. Lakini wengine, naamini, walikuwa wameona tofauti kati ya boma lililochoma ghala lao na misheni iliyokuwa imechomwa pamoja nao.

Kuna jambo jingine lililobadilika, polepole, bila kutangazwa. Misheni iliyoungua mara moja ilijifunza kwamba jengo si shule. Baada ya vita, shule ndogo za vijijini zilienea, na mzigo wake uliwaangukia walimu wenyeji. Kipimo chao kilikuja miaka kumi na miwili baadaye. Mwezi Oktoba 1917 majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalipigana Mahiwa na Nyangao kwa siku nne, katika mapigano makali kuliko mengi yaliyotokea Afrika Mashariki katika vita ile, na misheni ikajikuta tena katikati ya moto ambao haikuuwasha. Wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini, kisha wakaondolewa nchini. Mwaka 1922 ndipo Gallus Steiger, mtu wa Uswisi, alipokabidhiwa rasmi uongozi wa Lindi. Katika miaka ile ya katikati, katika vijiji vingi hapakuwa na padre wala sista. Palikuwa na mwalimu na ubao wake, na Jumapili aliwakusanya watu, akawasalisha, akawabatiza waliokuwa hatarini kufa. Mwaka 1905 misheni ilipochomwa, shule ilitawanyika. Mwaka 1917 haikutawanyika, kwa sababu mwenye shule alikuwa mtoto wa kijiji.

Mengine mnayajua. Mwaka 1931 Ndanda na Peramiho zikawa maeneo mawili ya abasia. Shule ya Ndanda ilikua. Mtoto mmoja wa Lupaso, Benjamin Mkapa, aliyezaliwa mwaka 1938, alisoma hapo kabla ya kufika Pugu na hatimaye Ikulu. Kisha ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1969 na shule zetu zikakabidhiwa kwa serikali. Hiyo ni habari ya juma jingine. Mwaka 1968, kabla tu ya hapo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita vijijini kusini wakiwauliza wazee juu ya Maji Maji na kuandika majibu yao. Kwa kazi za namna hiyo tunayajua majina ya Mandai na Machela. Vitukuu vya watu wenye kumbukumbu hizo wamo katika jumuiya zetu ndogondogo. Wengine ni wanakwaya, na mmoja au wawili wakifika mkesha wa Agosti 14 ndio huyasoma majina ya waliouawa Mikukuyumbu. Nimependekeza kwa halmashauri ya walei kwamba mwaka huu, baada ya majina hayo matano na la Sista Walburga, tuwaombee pia wapagazi wa msafara ule, walimu na watoto wa shule mbili zilizoungua, na wale waliokufa wakiwa na maji ya Ngarambe vichwani mwao. Mjadala bado unaendelea, na si wote wanaoafiki.

Nyangao leo pana hospitali ya jimbo. Inaitwa Hospitali ya Mtakatifu Walburga, kwa jina la abesi yule wa karne ya 8 ambaye Sista Diepolder alilichukua jina lake alipoweka nadhiri. Wagonjwa wanaofika hapo kutoka Mtama, Ruangwa na Lindi, Wakristo na Waislamu, hulitamka jina hilo kila siku wakiuliza njia.